UZI: Siku nne Valladolid, Yucatán: gesti yenye mdanzi uani, na mkonge uliomfikisha babu yangu Korogwe

#1 Mjukuu wa Manamba

Wakuu salaam. Niliahidi kwamba nikirudi kutoka Mexico nitaleta mrejesho. Nimechelewa, kazi za watu hizi, lakini leo nimekaa. Ni mrefu, wenye haraka rukeni.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, naishi Houston. Mwezi wa pili mimi na mke wangu tulipata likizo ya siku chache, na kila tuliyemwambia Mexico alijibu Cancún: hoteli kubwa ya ufukweni, unavalishwa ukanda mkononi, unakula na kunywa mpaka uchoke mwenyewe. Nikamwambia mama watoto, bahari tunayo Pangani. Sitoki Texas kwenda kupanga foleni ya mayai na watu mia nne. Tukachagua Valladolid, mji mdogo wa jimbo la Yucatán, kama kilomita 160 magharibi ya Cancún. Nilikuwa na sababu yangu nyingine pia, nitaifikia.

Tulifikia kwa mama mmoja mtu mzima, nyumba yake mwenyewe, vyumba vitano vya wageni, na asubuhi anawapikia. Sijui tuite nini malazi ya namna hii kwa Kiswahili. Nitaita gesti, na wale mlioanza kucheka mnyamaze, hii siyo ile ya taulo moja na kipande cha sabuni.

Kwa nje huoni kitu. Ukuta mrefu wa rangi ya ngozi ya embe, mlango mmoja mzito wa mbao, dirisha lenye nondo. Aliyewahi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar ataelewa, nyumba inaupa mtaa mgongo na uzuri wote imeuficha ndani. Ukivuka mlango unakutana na ua, varanda yenye nguzo pande tatu, na katikati mdanzi mkubwa umejaa madanzi. Hayaliwi kama machungwa, ni machungu, ila kule nyama haipikwi bila maji ya danzi. Kuta ni mawe na chokaa, unene wake kama urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko na zaidi. Dari iko juu sana, joto linapanda huko linakaa. Sakafu ni vile vigae vya saruji vyenye maua, vya zamani, unatembea pekupeku unasikia ubaridi mpaka kwenye magoti.

Chumbani nikaona kulabu mbili za chuma ukutani, zinatazamana. Nikatundika koti. Mama alipoingia kuleta maji akalitoa koti langu taratibu, akaniwekea kitandani, akarudi na bembea ya wavu, ile wenyewe wanaita hamaca, akaifunga kulabu hadi kulabu. Kumbe karibu nyumba zote za Yucatán zina kulabu hizo, na watu wengi hawana habari na kitanda kabisa. Akanionyesha kwa ishara: usijilaze kwa urefu kama maiti, lala mshazari, mgongo unanyooka. Mke wangu alilala kitandani siku zote nne. Mimi usiku wa pili nikahamia kwenye wavu na sikurudi.

Sasa chakula, maana ndiyo nusu ya bei. Meza iko varandani, inaanza saa mbili na nusu. Kwanza papai lililokatwa, na ndimu pembeni. Halafu mkate mtamu wa duara wenye sukari iliyochorwa kama kombe la baharini. Chokoleti ya moto imepikwa kwa maji, siyo maziwa, na mama anaipekecha kwa upekecho wa mbao mpaka inatoa povu. Wakuu, upekecho! Nilikuwa sijauona tangu bibi afariki. Kisha chungu chenyewe, kila siku tofauti. Siku ya kwanza alituletea huevos motuleños: chapati ndogo za mahindi zimekaangwa, juu yake maharage meusi yaliyopondwa, mayai, mchuzi wa nyanya, njegere, vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, jibini, na pembeni ndizi mbivu za kukaanga. Nikikuandikia orodha hivi unaona kama mtu kaangusha kabati la jikoni. Ukila unanyamaza.

Siku ya pili, mayai yaliyochanganywa na majani ya chaya. Nikamwambia mke wangu hii ni kama kisamvu, akanibishia. Baadaye nikasoma: chaya na muhogo ni wa ukoo mmoja, na majani yake lazima yapikwe kwa sababu mabichi yana sumu ya aina ileile. Nilimwonyesha. Hajakiri mpaka leo.

Bei tuliyolipa ni peso 1,150 kwa usiku, watu wawili, chakula cha asubuhi ndani. Peso zilikuwa kama 18 kwa dola. Piga hesabu uilinganishe na ghorofa la Cancún.

Nitaendelea, mtoto ananiita.

#2 Nyundo Baridi

Niko siti ya dirishani mkuu, shusha vitu. Picha ziko wapi? Huo mdanzi tuuone.

#3 Mtoto wa Kisauni

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini umeruka mahali panapotuumiza sisi wengine. Visa uliingiaje? Na ulitokaje Cancún hadi huko, ulikodi gari?

#4 Mjukuu wa Manamba

Mtoto wa Kisauni, mimi nina makazi ya kudumu Marekani, nikaingia bila kuomba. Pasi yetu ya Tanzania inahitaji visa ya Mexico, na ya Kenya vilevile, ila ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen unaruhusiwa kuingia kama mtalii. Usiyekuwa nayo, ubalozi wa Mexico uko Nairobi hapo kwenu.

Gari sikukodi. Nilipiga bei mtandaoni ikaonekana rahisi, nikafika kaunta nikaongezewa bima hadi ikawa mara tatu. Nikarudisha funguo kabla sijazipokea. Basi la ADO linatosha, viti vizuri, saa mbili na kidogo, na stendi ya Valladolid iko katikati ya mji, unatembea kwa miguu. Treni mpya nayo ipo tangu Desemba 2023, lakini kituo kiko nje ya mji, ukishuka unatafuta usafiri tena.

Angalieni saa. Cancún iko jimbo la Quintana Roo na saa zao ziko mbele kwa saa moja kuliko Yucatán. Mimi sikujua. Tumefika kwa mama saa yangu inasema saa saba, ya ukutani kwake inasema saa sita, chumba hakijafagiliwa. Nikaanza kumweleza kwa Kihispania changu cha kuokota kwenye site za ujenzi kwamba saa yake imesimama. Akanitazama, akatazama saa, akatuvutia viti jikoni, akatumiminia juisi nyekundu. Nikaonja. Choya! Rosela ileile. Wao wanaiita jamaica. Hivyo saa nzima ya aibu yangu niliimaliza nikinywa choya.

#5 Binti Maskati

Assalaam alaykum. Kaka Mjukuu, hongera kwa uzi. Mimi naomba kuuliza kama mtu asiyekula nguruwe. Hapo juu umetaja nyama ya nguruwe kwenye mayai asubuhi. Huko mtu ataishi kweli?

#6 Mjukuu wa Manamba

Waalaykum salaam dada. Ataishi, ila awe na mdomo. Yucatán nguruwe ni chakula chao kikuu cha sherehe. Ile cochinita pibil inayosifiwa dunia nzima ni nguruwe aliyepakwa viungo vyekundu vya achiote na maji ya danzi, akafungwa kwenye majani ya mgomba na kufukiwa kwenye shimo la moto. Lakini kuna ndugu yake wa kuku, pollo pibil, upishi uleule. Na kuna supu ya kuku yenye limau inaitwa sopa de lima, nyepesi, mgonjwa angeamka.

Hatari yako si nyama unayoiona. Ni mafuta. Maharage ya kukaanga mara nyingi yanapikwa kwa mafuta ya nguruwe, yanaitwa manteca, na kuna vyakula vya unga wa mahindi ambavyo mafuta hayo yamekandiwa ndani humohumo. Hapo ndipo gesti ya mtu inapoishinda hoteli. Kulikuwa na mgeni mwenzetu asiyekula nyama yoyote, alimwambia mama usiku, asubuhi akapikiwa sufuria yake mbali. Jifunze maneno mawili: sin puerco, sin manteca.

Pilipili nayo: ile habanero yao ni ndugu kabisa na pilipili mbuzi yetu. Mama alinionya. Nikamwambia kwa kujiamini mimi natoka Tanga. Tuishie hapo.

#7 Dereva wa Usiku

Hahahaha "tuishie hapo".

Swali la kiume: kuna cha kufanya hapo mjini au ni kukaa kwenye bembea kutazama madanzi?

#8 Mjukuu wa Manamba

Mkuu, kukaa kwenye bembea nako ni kazi.

Lakini ndiyo, vipo. Kubwa ni Chichén Itzá, kilomita arobaini na kitu tu kutoka hapo. Geti linafunguliwa saa mbili asubuhi. Ukilala Valladolid unaingia na kundi la kwanza, umande bado uko kwenye nyasi. Mabasi ya Cancún yanaanza kumwaga watu kuanzia saa nne, na saa tano jua liko utosini na huwezi kupiga picha bila kofia ya mtu. Kiingilio kwa mgeni kinazidi peso 600, unakata tiketi mbili, moja ya serikali kuu na moja ya jimbo. Kupanda lile piramidi hairuhusiwi siku hizi. Ngazi zake ni 91 kila upande, pande nne, ongeza kidato cha juu unapata 365, siku za mwaka. Simama mbele yake upige makofi, mwangwi unarudi kama mlio wa ndege. Kila mtu anapiga makofi. Ukiwa mbali unadhani kuna harusi.

Mjini kwenyewe kuna cenote, yaani shimo kubwa la maji baridi, linaitwa Zací, mitaa michache kutoka uwanja wa kati. Paa la mwamba limeporomoka nusu, unashuka ngazi, unaogelea chini ya mizizi inayoning'inia. Wanakuogesha kwanza, mafuta ya ngozi hayatakiwi ndani ya maji. Zací ndilo jina la mji wa Wamaya uliokuwa hapo kabla Wahispania hawajahamishia mji wao juu yake mwaka 1545. Na kuna mtaa wa zamani, Calzada de los Frailes, unakupeleka kwenye monasteri ya San Bernardino iliyojengwa kuanzia 1552, kuta kama ngome. Jioni tulikwenda huko tukila marquesita, chapati nyembamba kavu inayokunjwa na jibini la Kiholanzi ndani. Usiniulize nani alianza.

Kitu kilichonigusa zaidi ni lugha. Mama na binti anayemsaidia jikoni hawaongei Kihispania wao kwa wao, wanaongea Kimaya. Niliomba wanifundishe salamu. Ba'ax ka wa'alik? Maana yake: unasemaje? Na jibu: mix ba'al, hakuna kitu. Yaani ni mzee wa kwetu kabisa, wasemaje bwana, sina neno. Asante wanasema Dios bo'otik, na neno kwa neno ni Mungu akulipe. Nilimwambia mama kwamba bibi yangu hakuwahi kusema asante, alisema Mungu akulipe. Akaweka sahani chini akacheka hadi akajifuta machozi kwa aproni.

#9 Mwalimu Mstaafu

Kijana, umesema una sababu nyingine ya kwenda Yucatán, na jina lako hapa jukwaani linanifanya nihisi ninaijua. Nilifundisha shule ya msingi ndani ya shamba la mkonge miaka kumi na miwili. Sisi tuliambiwa mbegu za mkonge ziliibwa Mexico zikafichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Je, huko umeuliza?

#10 Mjukuu wa Manamba

Shikamoo mwalimu. Umepiga palepale.

Babu yangu alitoka Kigoma akiwa kijana, akaandikishwa, akapakiwa kwenye treni pamoja na Waha wenzake hadi Tanga kukata mkonge. Manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani. Hakurudi. Baba alizaliwa kambini, akafanya kazi ya kusugua singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mashine ya brashi, na kuzipanga madaraja, toka la kwanza hadi UG, lile la chini, mpaka alipostaafu. Mimi nimekua nasikia ule mlio wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, usiku na harufu ya maji yake, mnaoijua mnaijua. Sasa siku moja niko Houston nasoma, naona kuna bandari ya zamani Yucatán inaitwa Sisal. Marobota ya nyuzi yalikuwa yanapakiwa hapo, dunia ikauita mmea kwa jina la bandari. Nikasema nitakwenda.

Habari ya mamba ni tamu, na mimi nimeikuta imeandikwa mahali kadhaa. Lakini kumbukumbu za mashamba zinasema hivi: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 mwaka 1893, siyo moja kwa moja kutoka Mexico, kutoka Florida. Huko Florida mmea ulishapelekwa kutoka Yucatán na Mmarekani Henry Perrine miaka ya 1830. Vikapita Hamburg, na vilipofika pwani yetu vilivyobaki hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, Pangani. Sitini na mbili mwalimu. Mashamba yote yale, kuanzia Ngomeni hadi Mombo, na safari ya babu yangu, na mimi.

Siku ya mwisho tuliaga Valladolid tukaelekea upande wa Mérida, kwa sababu mashamba makubwa ya zamani yako huko. Kuna moja, Sotuta de Peón, bado wanaendesha mashine kwa ajili ya wageni. Wanakupakia kwenye kitoroli juu ya reli nyembamba, kinavutwa na nyumbu, mnapita katikati ya mkonge. Kwa haki wao wanalima zaidi ndugu yake mkonge, henequen, majani yake yana miiba pembeni. Kimaya huo wanauita sak ki, mweupe. Wetu wa Tanga ni yaax ki, wa kijani.

Mke wangu anasema nilianza kulia kabla mashine haijawashwa. Si kweli. Nilianza ilipowashwa. Mlio uleule. Majani yanaingia upande huu, upande ule zinatoka singa, na yale maji ya kijani yanatiririka na harufu yake. Kulikuwa na mzee wa Kimaya pale anayeonyesha watu jinsi ya kusokota kamba kwenye paja. Nikakaa chini nikasokota. Aliniangalia mikono, akasema kitu, mtembeza wageni akatafsiri: anauliza nani alikufundisha.

Wakatuonyesha pia vile visarafu vya shaba ambavyo mfanyakazi alikuwa analipwa badala ya fedha, na vinanunua vitu duka la tajiri huyohuyo tu. Deni linarithiwa na mtoto. Nikakumbuka kipande cha babu, ile kadi ya siku thelathini, usipoijaza hulipwi. Kwao walikuwa wanauita mkonge dhahabu ya kijani. Na sisi tulifundishwa hivyohivyo darasani.

#11 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Umenirudisha mbali. Wanafunzi wangu walikuwa wanakuja na singa kwenye nywele.

#12 Nyundo Baridi

Nilikuja kwa ajili ya gesti nimetoka na historia ya taifa. Jina la hiyo nyumba basi mkuu, na mwezi gani mzuri?

#13 Mjukuu wa Manamba

Jina njoo kwa ujumbe wa pembeni. Mama ana vyumba vitano, nikilimwaga hapa mtamjazia.

Kwenda: Desemba hadi Machi. Aprili na Mei ni tanuri, na kuanzia Juni ni mvua na msimu wa vimbunga, unaoisha rasmi mwisho wa Novemba. Beba peso taslimu, nyumba nyingi ndogo hazipokei kadi. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ikubadilishie yenyewe kwenda dola, kataa. Maji ya bomba usinywe, chumbani kuna mtungi. Mitaa mingi haina majina, ina namba, witiri zinakwenda mashariki na magharibi, shufwa kaskazini na kusini, ukiambiwa Calle 41 kati ya 38 na 40 umeshafika. Anayetoka Bongo au Kenya abebe adapta, umeme wao ni wa volti 127 na plagi ni kama za Marekani.

#14 Binti Maskati

Kaka, Mungu akulipe. Na baba umempelekea nini?

#15 Mjukuu wa Manamba

Pale shambani niliomba fungu dogo la singa, wakanipa. Nikampa jirani aliyekuwa anakwenda Tanga, amfikishie mzee. Nilitegemea simu ya machozi. Alinipigia kweli, usiku wa manane wa huku, bila salamu.

"Wewe, hii nimeichana. Fupi, halafu ina takataka. Umetoka Marekani mpaka Mexico kuniletea UG?"